Mbuzi Kilo Saba

Shangazi yangu Akuwam hajaniamini na kitu chochote tangu nilipokuwa na miaka sita, nilipopoteza kibuyu chake cha maziwa njiani na kurudi nyumbani nikiimba. Kwa hiyo siku aliponikabidhi abwo ya mama yake, mbele ya akina mama kumi wa kijiji cha Lokori waliokuwa wameketi kimya kama kamati, nilijua napewa mtihani.

Abwo ni sketi ya ngozi ya mbuzi, ndefu kwa nyuma, ile waliyovaa bibi zetu kabla vitenge havijatufikia. Hii ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, Amoni. Ukingoni ina shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na ilipakwa mafuta na udongo mwekundu miaka mingi mpaka ikawa na rangi ya chai iliyokolea.

Mimi naitwa Abei, ni mhifadhi wa mavazi katika jumba dogo la makumbusho hapa Lodwar. Kazi hii nilisomea Nairobi, na nina miaka tisa ndani yake. Ukiniuliza ni kazi gani, nitakwambia ni kazi ya kukataza. Nakataza jua, nakataza vumbi, nakataza wadudu, na zaidi ya yote nakataza mikono ya watu. Wenzangu ofisini wananiita Mama Usiguse, na mimi wala sikatai.

Basi siku hiyo Lokori nikatoa glavu zangu nyeupe, nikavaa, nikanyoosha mikono kupokea. Shangazi akairudisha ile ngozi kifuani.

"Hizo soksi za mikono ni za nini? Bibi yako alikuwa na ugonjwa?"

Nikamweleza taratibu kwamba mikono ina jasho, jasho lina chumvi na mafuta, na mafuta yanaharibu ngozi.

"Mafuta yanaharibu ngozi," alirudia. Akawageukia wenzake. Wale akina mama walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi sikucheka. Sikuona cha kuchekesha hapo.

Walipotulia, Shangazi akatoa sharti lake. "Jumamosi ya kufungua hayo maonyesho yenu nitakuja kuiangalia kabla ya mgeni yeyote. Nikikuta umeiharibu, naondoka nayo. Na hawa wote wanaondoka na vyao."

Wote kumi wakaitikia kwa kichwa. Sasa hebu elewa: vitu vya hao akina mama kumi na kile cha Shangazi ndivyo vilikuwa maonyesho yenyewe. Vikiondoka, tungebaki na kuta, feni na mimi.

Nilipofika Lodwar nikaikagua abwo kwa kioo cha kukuzia, na kwenye mshono wa kiuno nikakuta mabuu. Vidudu vidogo vyenye manyoya, vinakula ngozi kama vimealikwa. Dawa ya kupuliza siitumii, inaharibu rangi na mapafu yangu pia. Dawa ninayoiamini ni baridi. Unafunga kitu ndani ya plastiki, unatoa hewa yote, unakiweka kwenye friza kali wiki mbili. Ukikitoa, hufungui. Unakiacha ndani ya plastiki yake siku nzima kipate joto polepole, maana ukifungua kingali na barafu, hewa yetu ya joto inageuka maji juu yake, na ngozi iliyolowa ikikauka vibaya inakuwa ubao.

Makumbusho yetu hayana friza. Lodwar nzima, friza za kuaminika ni za Qamar.

Qamar ni rafiki yangu. Ni Msomali aliyezaliwa hapa hapa mjini, anauza samaki na nyama kwa jumla, na jenereta yake haijawahi kulala. Nilipomfikishia furushi langu aliligeuza mara mbili mkononi.

"Abaayo, dada yangu, watu wanaleta hapa mbuzi na samaki. Wewe unaleta nguo."

"Weka chini kabisa, pasipofikiwa na mtu."

"Andika basi juu yake. Andika, hii ni ya Abei, msiguse."

Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia. Nikamwambia katika taaluma yetu hatuandiki barua juu ya kitu, tunaandika nambari. Na nambari nilikuwa nimeshaiandika, kwa wino usiofutika, kwa mwandiko wangu mzuri. MBZ ni Mavazi ya Bibi Zetu, ndilo jina la maonyesho. KG ni Kabati G, mahali pake pa kurudi. Saba ni ya saba katika orodha. MBZ, KG, 7. Nikaipiga picha kabisa kwa ajili ya kumbukumbu.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya maonyesho, nikaenda kwa Qamar na sanduku langu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Kataboi tangu jana yake jioni kununua samaki, ndio kwanza amerudi, na huko nyuma duka alikuwa amemwachia mdogo wake, Mustafe, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu. Qamar akainama kwenye friza, akatoa sangara, akatoa ngege, akatoa mguu wa ngamia. Akaingiza kichwa ndani. Akakitoa.

"Mustafe. Ile ya chini iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya plastiki. Ya Abei."

Mustafe alifikiri, tena bila wasiwasi. "Mimi sijaona ya Abei. Chini ilikuwa ile mbuzi ya kilo saba tu. Imeenda Kakuma na gari ya alfajiri, kwa Adolphe. Yeye aliagiza mbuzi."

"Mbuzi gani ya kilo saba?" niliuliza, na sauti yangu niliisikia mimi mwenyewe ikitoka mbali.

"Si imeandikwa. MBZ. KG. Saba." Akanionyesha hewani kwa kidole, kama mwalimu ubaoni. "Mwandiko mzuri sana."

Qamar aliangua kicheko. Kisha akaniona uso, akajifunika mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalimsaliti. Mimi niliinama kwenye friza nikaangalia mwenyewe mpaka chini. Nilimfikiria Shangazi. Nilifikiria kile kibuyu.

Hapo hapo simu ya Qamar ikalia. Akaangalia, akaiweka kwenye spika.

"Alo, Mama Qamar?" Ilikuwa sauti ya Adolphe, Mkongomani mwenye hoteli katika soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma. "Ile mbuzi yako ni ya namna gani? Nimeipima, iko kilo ine tu. Haina hata mufupa. Na tena, Mama, mbuzi za kwenu zinavaa shanga?"

Nilimpokonya Qamar simu. "Usifungue hiyo plastiki."

"Nimeisha kufungua. Barafu inatoka. Weye ni nani?"

"Usiweke juani. Usiweke kwenye maji. Usiweke kisu. Usi..."

Simu ikakatika. Nikapiga tena, mteja hapatikani. Nikapiga mara kumi na moja. Mustafe akasema labda chaji imemwishia.

Qamar alikuwa ameshachukua ufunguo wa pikapu. Hilo nampendea, kwamba anaweza kukucheka na kukuokoa kwa wakati mmoja. Tulitoka Lodwar akikanyaga mafuta, lami mbele yetu inameta kwa joto, na mimi nahesabu kwa sauti: saa hii barafu imeshayeyuka, saa hii imelowa, saa hii inaanza kukauka, saa hii inakakamaa.

"Kwani ukimwambia shangazi yako ukweli atakukula?" Qamar aliuliza.

"Atanikula."

"Basi mwambie imeharibiwa na wadudu."

"Wadudu wa kuipeleka Kakuma?"

Akacheka tena. Nikamwambia asimamishe gari nishuke, nitembee. Hakusimama. Baada ya kitambo alisema kwa upole, "Abaayo, wewe humwogopi shangazi. Unaogopa aseme kweli, kwamba huwezi kutunza kitu." Alikuwa amenipata.

Na nyuma ya hiyo kuna kweli nyingine. Bibi Amoni alikufa mimi nikiwa shuleni Nairobi. Sikumzika. Sikubakiwa na kitu chake, wala picha. Ile ngozi ndiyo kitu pekee duniani kilichokuwa kimekaa juu ya mwili wake, na ilikuwa kwenye hoteli Kakuma ikingoja kitunguu.

Hoteli ya Adolphe ina mabati mapya, meza sita, na saa hiyo ilikuwa imejaa watu wanaokula maharage. Adolphe mwenyewe, mrefu, aproni kiunoni, alitupokea mlangoni mikono juu.

"Mama, mi sikukata kitu. Mi nilisema, hii si nyama, hii ni muntu."

"Iko wapi?"

Akatuelekeza uani. Chini ya kivuli cha turubai alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, Mturkana, shanga zimejaa shingoni, miguu ameinyoosha. Ndiye anayemwoshea Adolphe vyombo, jina lake Christine. Abwo ya bibi yangu ilikuwa mapajani mwake. Kando yake palikuwa na kopo la mafuta. Mikono yake, mitupu, inang'aa mpaka viwiko, ilikuwa inaisugua ile ngozi, inaikunja, inaikunjua, inaisugua tena.

Nilipiga ukelele. Sijivunii, lakini nilipiga, na watu watatu wakaacha maharage yao wakaja kuangalia.

"Ejok," alinisalimu Christine bila kuacha kazi.

"Mama, tafadhali, acha. Umepaka nini?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo." Akanitazama toka chini, akaendelea kwa Kiturkana chake cha polepole. "Mwanangu, ni wewe mwenye hii? Nilipotoka kuosha sufuria nikakuta Mkongomani ameiweka mezani, inatiririka maji, amesimama na kisu anaiogopa. Nikaiweka kivulini. Nikaona inaanza kukakamaa hapa, na hapa. Ungependa niiache ipasuke? Ngozi ikilowa unaipa mafuta ingali na unyevu, unaifanyia mikono mpaka ikumbuke. Mama yako hakukufundisha?"

Nilichuchumaa, nikatoa glavu mfukoni, nikavaa, nikaigusa. Ilikuwa laini. Nakwambia, ilikuwa laini kuliko siku niliyoipokea Lokori. Hakuna ufa, hakuna ukakamavu. Mahali mabuu yalipokula, nyuzi za ngozi zilikuwa zimelala vizuri. Kamba moja tu ya shanga ilikuwa imekatika, na Christine alikuwa amezikusanya zile shanga kwenye kikombe cha chai.

"Zilikuwa kumi na tisa," alisema. "Nimeona kumi na nane."

Wakati huo huo ndani mtu mmoja aliyekuwa akitafuna maharage akasema, kwa Kifaransa na kwa uchungu, jambo lililohusu jino. Adolphe akaingia mbio, akarudi na shanga ya kumi na tisa kiganjani, imeoshwa.

Tulirudi Lodwar jioni, abwo mapajani mwangu, Qamar akiendesha polepole safari hii. Ijumaa nilikaa nayo peke yangu. Zile shanga nilizirudisha kwenye kamba yake moja baada ya nyingine. Halafu nikaketi kujaza fomu. Fomu yetu ina mstari unaosema: vitu vilivyoongezwa kwenye kifaa. Miaka tisa, mstari huo nimeujaza neno moja, hakuna. Mwishowe nikaandika: mafuta ya mkia wa kondoo, nusu kopo, kwa mikono ya Christine wa Kakuma. Kwa kanuni zangu huo ulikuwa uharibifu, na mimi ndiye niliyeusababisha.

Jumamosi Shangazi alifika saa moja asubuhi, na kumi wake nyuma. Saa tatu mgeni rasmi angekuja kukata utepe. Nilikuwa nimeitandaza abwo kwenye meza, ndani ya chumba changu. Shangazi hakunisalimu. Aliinama akainusa, kwanza kiunoni, kisha ukingoni. Akapitisha kidole. Akasimama wima.

"Nani ameishika hii?"

Ningeweza kusema ni mimi. Lile neno lilikuwa limeshafika mdomoni, haki ya Mungu. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa yule mtoto wa kibuyu. Nikamweleza yote. Mabuu, friza, samaki, MBZ, KG, saba, Mustafe, gari ya alfajiri, Adolphe na kisu, maharage, jino. Nilisema nikiangalia sakafu.

"Kwa hiyo," alisema Shangazi, "mama yangu amepelekwa Kakuma akapikwe."

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

Akawageukia wale kumi. "Mnakumbuka mama alivyokuwa akitaka kwenda Kakuma?"

"Kwa dada yake," alisema mmoja.

"Kwa dada yake aliyeolewa kule. Miaka yote, kesho nitaenda, kesho nitaenda, na baba hamruhusu, mara mbuzi, mara ukame. Akafa hajafika." Mdomo wake ulikuwa unacheza. "Sasa ameenda. Kwa gari. Tena kwenye baridi."

Akacheka. Wote wakacheka, yule mama wa leso akajifuta tena machozi, na safari hii na mimi nilicheka, mpaka kicheko changu kikageuka kilio katikati ya njia na sikuweza kukizuia.

Shangazi aliningoja nimalize. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ngozi, akakiweka mezani. Harufu ya mafuta niliijua kabla hajakifungua.

"Nitakwambia kitu, Abei. Mimi nilikuja leo kuichukua, hata kama ingekuwa salama. Nilikwishaamua siku ile ulipovaa zile soksi. Nilijua utaifungia kwenye kabati, na hakuna mkono utakaoigusa tena mpaka dunia iishe, na ngozi isiyoguswa inakufa. Hiki nilikibeba niipake hapa hapa nikiondoka nayo, maana nilijua nitaikuta kavu." Akaigusa tena. "Sikuikuta kavu. Yule mama wa Kakuma ana mkono. Lakini Kakuma ni mbali. Nani ataipaka mwakani?"

Nilielewa anachouliza. Nilielewa pia kila kanuni niliyofundishwa, na kila moja ilikuwa imesimama hapo mlangoni inanitazama.

"Vua," alisema.

Nikavua glavu. Akanimiminia mafuta viganjani, akashika mikono yangu kwa mikono yake, akaiweka juu ya ngozi. Ilikuwa ina joto kidogo. Kwa miaka tisa nimefanya kazi na vitu vya watu, na sikuwahi kujua vina joto. Tukasugua, yeye upande wake na mimi upande wangu, akinirekebisha: si hivyo, unaikwaruza, fuata manyoya yalikokuwa yamelala. Na harufu ile ilipopanda nikamkumbuka bibi yangu, sijui kutoka wapi, mapaja yake, mimi mdogo nimelalia hapo hapo, shavu langu kwenye hii hii. Nilikuwa nafikiri sina kumbukumbu yake yoyote.

Huko nje gari la mgeni rasmi likapiga honi. Mkurugenzi wetu akachungulia, akaona Mama Usiguse ana mafuta mpaka viwiko, akafunga mlango polepole. Mgeni rasmi alingoja dakika arobaini. Nilipompa mkono, aliangalia kiganja chake muda mrefu.

Kabla hatujaitundika, Shangazi, ambaye hakusoma, aliishika lebo yake ya nambari akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Akasema hilo si jina la mtu. Akaketi kwenye kiti changu, akaniamuru nitoe kadi mpya, naye akawa anataja na mimi naandika, kwa mwandiko wangu mzuri:

Abwo ya Amoni. Ipakwe mafuta kila mwaka, na mjukuu wake, kwa mikono mitupu.

Nilifikiri tumemaliza, nikafunika kalamu. Shangazi akagonga kadi kwa kidole.

"Ongeza," alisema. "Si nyama."